Mkono Umekamilika, Ulimi Bado: Maoni Kuhusu Mchezo wa Vita wa Bannerlord

Wahenga walitutahadharisha dhidi ya kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Mnunuzi hana budi kumwona mnyama, kumpapasa mbavu na kumtazama meno, ndipo atoe fedha zake. Hata hivyo, katika uga wa michezo ya kompyuta pamezuka desturi ambayo bila shaka ingewaacha wahenga hao vinywa wazi. Muuzaji hutangaza mchana kutwa kwamba mbuzi wake hajakamilika, kwamba miguu miwili ya nyuma ingali inaundwa, na mnunuzi hulipa kwa furaha na kumsubiri mbuzi akue mikononi mwake. Makala haya yanauchunguza mchezo mmoja uliouzwa kwa njia hiyo, yaani Mount & Blade II: Bannerlord, mchezo wa vita na mikakati uliojengwa juu ya taswira ya Enzi za Kati. Lengo letu ni kupima ubora wake na upungufu wake. Hoja yetu kuu ni kwamba upungufu mkubwa wa mchezo huu umo katika lugha kuliko katika ufundi wa mitambo, na kwa sababu hiyo watu wa lugha wana haki, tena wana wajibu, wa kuuhakiki.

Yamkini baadhi ya wasomaji watauliza mchezo wa kompyuta unatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Hilo ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba mchezo wa aina hii una mandhari, una wahusika, una mgogoro, una mazungumzo na una msuko wa matukio. Hizo ni zana zile zile tunazozifundishwa darasani tunapochambua riwaya na tamthilia. Isitoshe, katika mabweni ya vyuo vyetu wapo vijana wanaokesha mbele ya michezo hii muda mrefu kuliko wanavyokesha mbele ya diwani. Uhakiki wa fasihi ukikataa kuvuka kizingiti cha maktaba, vijana hao watabaki na wauzaji kama wahakiki wao wa pekee, na mwenye kuuza hajawahi kusema chake kimechacha.

Chimbuko la mchezo

Bannerlord ni kazi ya kampuni ya TaleWorlds yenye makao yake jijini Ankara, nchini Uturuki, iliyoanzishwa na Armağan Yavuz pamoja na mkewe İpek Yavuz. Mchezo wao wa kwanza, Mount & Blade, uliuzwa ukiwa ungali mchanga kwa miaka kadhaa kabla ya kutolewa rasmi mwaka wa 2008. Fedha za wanunuzi wa mwanzo ndizo zilizosaidia kuulea. Mwaka wa 2010 ukafuatiwa na Warband, ambao hadi leo una wapenzi wake. Mwaka wa 2012 kampuni ikatangaza kwamba inatengeneza Bannerlord, na mashabiki wakaanza kusubiri. Walisubiri miaka mingi, hata subira yenyewe ikageuka kuwa mzaha miongoni mwao.

Hatimaye, tarehe 30 Machi 2020, mchezo ulianza kuuzwa kwa mtindo wa mauzo ya mapema, ambapo mnunuzi hupewa kazi isiyokamilika na kuahidiwa kwamba itakamilishwa. Siku hizo nchi nyingi zilikuwa zimewafungia watu majumbani kwa sababu ya korona, na katika muda mfupi wachezaji zaidi ya 200,000 walikuwa wakiucheza kwa wakati mmoja. Bei ilikuwa takriban dola 50 za Marekani, ambazo kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka huo zilizidi shilingi 5,000 za Kenya. Kampuni ilikadiria kwamba hatua hiyo ya matayarisho ingechukua kama mwaka mmoja. Ilichukua karibu miaka miwili na miezi saba. Mchezo ulitangazwa kuwa umekamilika tarehe 25 Oktoba 2022.

Mandhari yake ni bara la kubuni liitwalo Calradia, katika mwaka wa 1084 kwa kalenda ya bara hilo. Dola kuu iliyowahi kulitawala bara zima imepasuka vipande vitatu baada ya mfalme wake mkuu, Arenicos, kuuawa. Rhagaea, mjane wa marehemu, anadai kiti kwa hoja ya nasaba. Lucon anakidai kwa hoja ya baraza la wazee. Garios, jemadari, anakidai kwa hoja ya jeshi linalompenda. Pembezoni mwa dola hiyo wapo watu watano walioumbwa kwa mifano ya mataifa ya kihistoria: Vlandia wanaowakumbusha Wanormani, Battania wanaowakumbusha Wakelti, Sturgia wanaowakumbusha Warusi wa kale, Khuzait wanaowakumbusha wapanda farasi wa nyika za Asia, na Aserai wanaowakumbusha Waarabu wa jangwani. Mchezaji huanza akiwa mtu asiye na jina, mwenye farasi mmoja na upanga wa bei nafuu, na anaweza kuishia kuwa mfanyabiashara, mamluki, kabaila au mfalme.

Ubora wa mkono

Tuanze na sifa, kwa kuwa mgema mwema hunyimwa haki yake tembo inapokunywewa kimya. Sifa ya kwanza ya Bannerlord ni namna unavyoufanya mkono wa mchezaji uhisi uzito wa silaha. Katika michezo mingi ya vita mchezaji hubonyeza kitufe na adui huanguka. Katika mchezo huu, anayetaka kupiga sharti achague upande wa pigo: juu, chini, kushoto au kulia. Anayetaka kukinga kwa upanga sharti akinge upande ule ule pigo linakotoka. Mwenye ngao hupata nafuu, lakini ngao nayo huvunjika. Kasi ya farasi huongezwa katika nguvu ya pigo, hivi kwamba mkuki ulioelekezwa na mpandafarasi anayekuja mbio humwangusha mtu ambaye mkuki huo huo, mikononi mwa anayetembea, ungemjeruhi tu. Mpiga mishale aliye juu ya farasi hulenga kwa shida kuliko aliyesimama imara. Mchezaji hufunzwa haya kwa kushindwa, na akisha kufunzwa hayasahau.

Sifa ya pili ni kuunganishwa kwa mkono wa askari na jicho la jemadari. Wasomi wa michezo hii hutofautisha mchezo wa kupigana, ambamo mchezaji ni mtu mmoja uwanjani, na mchezo wa mikakati, ambamo mchezaji hutazama kutoka juu na kuwasukuma askari kama kete za bao. Bannerlord huyafanya yote mawili kwa pamoja. Mchezaji huwapanga askari wa miguu katika ukuta wa ngao, huwaweka wapiga mishale mlimani, huwaamuru wapandafarasi wajipange mfano wa kabari, kisha yeye mwenyewe huingia vumbini. Askari hadi 1,000 huweza kupigana katika uwanja mmoja. Hapo ndipo mchezo unapofundisha jambo ambalo vitabu vya historia hulieleza kwa shida: jemadari aliye katikati ya mapigano haoni. Kilima kinamzuia, vumbi linamzuia, adui aliye mbele ya pua yake anamzuia. Akiamua kupigana, hupoteza uwezo wa kuamrisha, na akiamua kuamrisha tu, askari wake hukosa upanga mmoja.

Sifa ya tatu ni kwamba vita vya Calradia vina gharama. Askari hula, hivyo jeshi lisilo na nafaka huvunjika moyo na kutoroka. Askari hulipwa, hivyo mkuu asiye na fedha hubaki peke yake. Kila mji hulishwa na vijiji vinavyouzunguka, na kijiji kikichomwa moto mji wake huanza kuona njaa. Misafara ya biashara hupita katika njia zile zile ambazo majeshi hupita, na bei ya bidhaa hupanda na kushuka kulingana na upatikanaji wake. Waswahili husema kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Katika mchezo huu nyasi zimehesabiwa. Mchezaji anayechoma vijiji kwa pupa hugundua baadaye kwamba mji alioutamani ameupata ukiwa tupu.

Sifa ya nne ni kwamba mchezo umeachiwa mlango wazi. Faili zake nyingi zinaweza kubadilishwa na wachezaji wenyewe, na pana jumuiya kubwa ya watu wanaotunga nyongeza bila malipo: mavazi mapya, ramani mpya, sheria mpya za utawala. Baadhi ya mapengo yaliyoachwa na waundaji yalizibwa kwanza na wachezaji.

Upungufu uliotibika

Sasa tuje kwenye upungufu. Mchezo ulipotolewa mwaka wa 2020 ulikuwa na majeraha mengi ya wazi. Baadhi ya stadi ambazo mhusika alistahili kupata zilikuwa zimeandikwa katika orodha lakini hazikufanya kazi yoyote. Mchezaji alisoma kwamba amejaliwa uwezo fulani, akautumia, na hakuna kilichotokea. Katika kuzingira ngome, askari walisongamana chini ya ngazi moja kama watu wanaogombania matatu, ilhali ngazi ya pili ilisimama bila mtu. Mizani ya dola ilikuwa mbovu: dola moja ikipata ushindi mara mbili tatu, iliwameza majirani zake kwa kasi hivi kwamba vita vilivyokusudiwa kudumu vizazi viliisha kabla mtoto wa mhusika hajaanza kutembea. Mchezo pia ulikwama na kuzimika mara kwa mara.

Haya yote ni makosa, lakini ni makosa ya aina inayotibika, na mengi kati yake yalitibiwa. Kati ya mwaka wa 2020 na 2022 kampuni ilitoa marekebisho mfululizo, yakiongozwa kwa kiasi kikubwa na malalamiko ya wachezaji. Stadi zikapata kazi, ngazi zikapata wapandaji na mizani ikarekebishwa. Baada ya mchezo kutangazwa kuwa umekamilika marekebisho hayakukoma, na mwishoni mwa mwaka wa 2025 uliongezewa War Sails, sehemu inayohusu vita vya baharini. Mhakiki mwadilifu hana budi kukiri kwamba mkono uliokuwa umevunjika mwaka wa 2020 uliungwa, na uliungwa vizuri.

Upungufu wa ulimi

Jeraha ambalo halikupona ni la ulimi. Calradia ina mamia ya makabaila, kila mmoja na jina lake, ukoo wake na ngome yake. Lakini mchezaji akiwasalimu kumi, atasikia maneno yale yale kutoka kwa wengi wao. Kabaila wa jangwani na kabaila wa theluji hutumia sentensi moja. Aliyepoteza mji wake jana huongea kama aliyeuteka. Mjane, msaliti, mlevi wa madaraka na mzee aliyechoka na vita hawatofautishwi na matamshi, methali wala ukimya. Wanatofautishwa na tarakimu zilizofichwa nyuma ya nyuso zao. Mchezaji husoma kwamba huyu ni mkarimu na yule ni katili, ila hawasikii wakiwa hivyo.

Chukua mfano wa ndoa. Anayetaka kuoa au kuolewa hufanya mazungumzo mafupi mawili, ambamo huchagua majibu huku asilimia ya uwezekano wa kufaulu ikiwa imeandikwa kando ya kila jibu. Kisha huenda kwa mkuu wa ukoo na kupatana mali. Suala la mapatano ya mali halitutatizi, maana sisi pia tunaijua mahari. Linalotutatiza ni kwamba posa yote haina mshenga, haina kigugumizi, haina mafumbo wala haina wimbo. Na baada ya arusi mwenzi wa ndoa huwa hana jipya la kusema. Hugeuka kuwa askari mmoja zaidi, au mzazi wa mrithi.

Ajabu ni kwamba waundaji hawa waliwahi kufanya vyema zaidi. Katika Warband, mchezo wao wa mwaka wa 2010, mchezaji aliweza kukutana na malenga katika vilabu vya pombe, akamlipa na kufunzwa shairi, kisha akalighani mbele ya binti wa kabaila. Mashairi hayo yalitofautiana, na shairi lililomfurahisha mmoja lilimchukiza mwingine kulingana na hulka yake. Mojawapo lilijengwa juu ya kisa cha Kais na Laila, ambacho asili yake ni fasihi ya Kiarabu. Makabaila waliandaa karamu ambazo zilikuwa mahali pa kukutana, kuposa na kuteta. Masahaba wa mchezaji walikuwa 16, kila mmoja na historia yake ya kudumu. Alikuwapo Jeremus aliye tabibu, na alikuwapo Borcha anayetuhumiwa kuiba farasi. Masahaba hawa walipendana na kuchukiana. Mchezaji akiwakusanya wasiopatana, walimjia na manung'uniko. Katika Bannerlord nafasi yao ilichukuliwa na wazururaji wanaotengenezwa na kompyuta kwa vigezo, wenye visa vinavyojirudia kila safari mpya inapoanza. Sura zao zinapendeza kuliko za Warband, na nguo zao zinang'aa, lakini hakuna anayewakumbuka wakifa.

Mfano ulio mchungu zaidi ni wa hadithi kuu yenyewe. Kabla ya matukio ya mchezo palikuwa na vita vikubwa mahali paitwapo Pendraic, ambapo mfalme mkuu Neretzes aliangamia. Mchezaji anatakiwa kuwatafuta makabaila kumi waliokuwapo, kila mmoja amsimulie alivyoviona vita hivyo. Msomaji wa fasihi simulizi husisimka hapa. Tukio moja, mashahidi kumi, kila mmoja akiwa na la kujitetea na la kuficha! Ni nani asiyetaka kuisikia hadithi hiyo? Hiki ni kiini kinachoweza kubeba riwaya nzima. Lakini mchezo haumpi mchezaji sababu yoyote ya kusikiliza. Hakuna kinachobadilika akimwamini huyu na kumshuku yule. Kinachohesabiwa ni idadi tu: mmoja, wawili, watatu, hadi kumi. Wachezaji wengi hubonyeza upesi bila kusoma, na hatuwezi kuwalaumu. Mchezo wenyewe umewafunza kwamba maneno ni kizuizi kilicho baina ya vita na vita.

Walivyojua watunzi wetu

Tunaweza kuupima upungufu huu kwa kuulinganisha na kazi iliyo karibu nasi, ambayo kwa mandhari yake haiko mbali na Calradia. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka wa 1728. Unasimulia vita baina ya Waislamu wa Arabuni na dola ya Warumi wa Mashariki zama za Herekali, aliyetawala kuanzia mwaka wa 610 hadi 641. Dola ya Calradia imefinyangwa kwa kiasi kikubwa kwa mfano wa dola hiyo hiyo ya Warumi wa Mashariki, na Aserai wamefinyangwa kwa mfano wa hao Waarabu. Hivyo mtunzi wa Pate na waundaji wa Ankara wamelitazama bonde moja kutoka vilima viwili.

Wanatofautiana katika nini? Mtunzi wa Pate hakuwa na farasi wa kuwaonyesha wasikilizaji wake. Hakuwa na sauti ya chuma wala vumbi la uwanjani. Alikuwa na vina na mizani. Kwa hivyo alijua kwamba vita havianzi pale upanga unapochomolewa. Katika tenzi zetu za kivita huanza kwa barua, kwa mjumbe, kwa mwaliko na kwa kitisho. Shujaa hujitaja jina na kujigamba kabla ya kupiga, na adui humjibu. Anayeanguka huliliwa. Ndiyo maana msikilizaji humjua adui kabla ya kufa kwake, na kifo hicho humgusa. Waundaji wa Ankara walikuwa na farasi, chuma na vumbi, wakadhani vingetosha. Walituonyesha watu 1,000 wakifa kwa uzuri mkubwa, na wote hatuwajui.

Utetezi na majibu yake

Watetezi wa mchezo huu wana hoja mbili ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba Bannerlord si hadithi bali ni uwanja. Mchezaji amepewa uhuru wa kujitungia kisa chake, na maneno mengi ya waundaji yangemfunga. Hoja hii ina ukweli. Hakika wapo wachezaji wanaosimuliana matukio ya kusisimua yaliyozaliwa na bahati na uamuzi wao wenyewe. Lakini uhuru huhitaji malighafi. Katika utambaji wa ngano hadhira huitikia wimbo, huuliza maswali na hata humkosoa fanani. Huyafanya hayo kwa sababu fanani amewapa wimbo wa kuitikia. Fanani akinyamaza na kuwaambia wasikilizaji wajitambie wenyewe, hajawapa uhuru. Amewaachia kazi yake.

Hoja ya pili ni kwamba kutokamilika si aibu. Fasihi simulizi haijui toleo la mwisho. Kila utendaji huongeza na kupunguza, na kwa mtazamo huo mauzo ya mapema yamerejesha uhusiano wa kale baina ya mtunzi na hadhira. Tunaikubali nusu ya hoja hii. Ni kweli kwamba malalamiko ya wachezaji yaliuboresha mchezo, na huo ni ushirikiano wa kupongezwa. Lakini kuna kutokamilika kwa aina mbili. Ngano haikamiliki kwa kuwa kila usiku ina mwanzo na mwisho wake, na kesho usiku itakuwa na mwingine. Nyumba isiyoezekwa haikamiliki kwa kuwa mvua inaingia. Mtambaji hamtozi mtu shilingi 5,000 leo kwa ngano atakayoitamba baada ya miaka miwili na miezi saba.

Kutokana na hayo tunapendekeza kanuni kwa mhakiki wa kazi za namna hii: ahukumu kilicho mbele yake siku anapoandika, aitaje tarehe ya toleo alilolitumia, na asiihesabu ahadi kuwa sehemu ya kazi. Ahadi ni deni, na deni huandikwa katika upande wake wa daftari. Kwa kanuni hiyo, Bannerlord ya mwaka wa 2020 ilikuwa mkono hodari wenye vidole vilivyovunjika. Ile ya mwaka wa 2022 ilikuwa mkono mzima usio na ulimi. Kampuni ilipotangaza kwamba kazi imekamilika, ilitufunulia ilichokihesabu kuwa kazi na ilichokihesabu kuwa pambo.

Wajibu wetu

Je, haya yanatuhusu vipi sisi wa Kiswahili? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mchezo huu umetafsiriwa katika lugha nyingi, zikiwemo Kituruki, Kichina, Kirusi, Kifaransa na Kijerumani. Kiswahili hakimo. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa Enzi za Kati. Hao hawajasoma tenzi. Tuna deraya na chepeo, tuna kitara na ala, tuna podo na mishale, tuna fumo na mkuki, tuna hatamu na tandiko, tuna ngome, buruji na handaki. Lugha iliyousimulia ushindi na msiba wa dola ya Herekali mwaka wa 1728 haiwezi kuambiwa kwamba imepungukiwa na maneno ya kuitajia Calradia.

Pili, jambo hili liko ndani ya uwezo wetu. Maneno ya Warband yamehifadhiwa katika faili za kawaida za maandishi, na ya Bannerlord vilevile, na mashabiki wa mataifa mengine wamekuwa wakiyatafsiri kwa hiari. Bannerlord huhitaji kompyuta yenye nguvu na nafasi ya gigabaiti 60, jambo lililo zito kwa mwanafunzi wa kawaida. Warband ni mchezo wa zamani, na hukubali kompyuta duni. Chama cha wanafunzi chenye wapenzi wa tafsiri, wapenzi wa ushairi na wawili watatu kutoka idara ya kompyuta kingeweza kuanza na huo. Kazi hiyo ingekuwa zoezi la isimu matumizi lenye faida kuliko tafsiri ya aya mbili zinazotolewa katika mtihani, kwa kuwa mfasiri angelazimika kuamua mambo halisi: kabaila amwiteje mfalme, mkulima amjibuje kabaila, na matusi ya adui yafike wapi kabla hayajawa machafu. Hayo ni masuala ya sajili, heshima na utamaduni.

Ila tusikomee kwenye tafsiri. Sentensi tupu ikitafsiriwa kwa ufasaha hubaki tupu. Maadamu mlango wa nyongeza uko wazi, yupo mwanafunzi wa ushairi anayeweza kuwatungia makabaila majigambo yao, na yupo mwanafunzi wa fasihi simulizi anayeweza kuwapa mashahidi kumi wa Pendraic ndimi kumi tofauti. Waundaji walituachia mashahidi hao wakiwa na nyuso na majina. Wanachokosa ni kauli, na utunzi wa kauli ndio ufundi tuliousomea.